Mwalimu wa Watoto: Somo Katika Khabari za Mayahudi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika darasa yetu ya baada ya Magharibi hapa Msambweni limeulizwa suala ambalo limekuwa likirudi mara kwa mara, nasi tumeona bora tulijibu kwa maandishi ili liwafikie na ndugu zetu wa Diani, Tiwi, Gazi na Vanga. Suala lenyewe ni hili. Mayahudi ni watu wachache. Duniani kote hawafiki milioni 16. Tangu Warumi walipoibomoa nyumba yao ya ibada huko Baitul-Makdis mwaka 70, walikaa karibu miaka elfu mbili bila ya dola, wakifukuzwa nchi hii wakikimbilia ile. Vipi basi wakabaki Mayahudi? Vipi Myahudi wa Yemen na Myahudi wa Poland, ambao rangi zao mbali na lugha zao mbali, walipokutana waliweza kuswali pamoja? Na sisi tulio wengi, wenye msikiti katika kila kijiji toka Likoni mpaka Lungalunga, mbona watoto wetu watuponyoka mikononi nasi twawatazama?

Kuna atakayesema: Yatuhusu nini khabari za Mayahudi? Twamjibu kwa khabari ya Zaid bin Thabit, radhi za Mungu zimshukie. Mtume, sala na salamu zimshukie, alipokuwa Madina alimwamrisha kijana huyu wa Kiansari ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa kiasi cha nusu mwezi, akawa ndiye aandikaye barua za kwenda kwao na asomaye zinazotoka kwao. Ni Zaid yule yule aliyekuja kupewa kazi ya kuikusanya Kur'ani katika zama za Sayyidna Abubakar. Aliyeaminiwa na kazi hiyo hakudhurika kwa kujua herufi za watu wengine.

Na kuna mwingine atakayekunja uso zaidi, aseme: Mwawatajaje kwa wema, na Palestina iko vile ilivyo? Twasema: dhuluma ya mwaka 1948, Wapalestina walipotolewa majumbani mwao, hatukuisahau, wala hatuyasahau makumi ya maelfu waliouawa Gaza katika vita vilivyoanza Oktoba 2023. Lakini dola ni kitu na dini ya watu ni kitu kingine. Wako Mayahudi, tena walioshika dini yao barabara, ambao hawakuikubali dola hiyo tangu siku yake ya kwanza. Na Suratul-Maida imetukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Katika uadilifu ni kukiri kwamba mwenzio amelifanya vizuri jambo ambalo wewe umelizembea.

Tuanze na bahari yetu hii. Katika Fustat, Misri ya kale, Mayahudi walikuwa na sinagogi liitwalo Ben Ezra, na ndani yake chumba cha kuwekea karatasi zilizochakaa; maana kwao si halali kuitupa jaani karatasi yenye jina la Mungu, kama sisi tusivyoutupa jaani msahafu uliochanika. Wakaweka humo kila kilichoandikwa: vitabu vya dini, hati za ndoa, hesabu za sadaka, barua za biashara, hata karatasi ambazo watoto walijifunzia alifu na bee za kwao. Karatasi nyingine zilikaa humo miaka kama mia tisa. Mwaka 1897 mwanachuoni wao mmoja, Solomon Schechter, alizichukua nyingi katika hizo akazipeleka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambako viko mpaka leo vipande karibu 200,000.

Waliozisoma wameuona humo ulimwengu tunaoujua. Wafanya biashara wa Kiyahudi wa karne ya 12 walipanda majahazi Adeni wakaenda Malabari, Bara Hindi, na kurudi, kwa pepo hizi hizi za kaskazi na kusi zilizokuwa zikileta majahazi Vanga na Wasini. Mkuu wao Adeni alikuwa Madmun bin Hasan, mtu aliyewashughulikia wafanya biashara na akaheshimiwa na watawala wa nchi kavu na wa baharini. Katika barua za watu hawa waona bei ya pilipili, kisha salamu za watoto, kisha mchango wa kuwakomboa watu wao waliotekwa, kisha suala la sharia yao la kupelekewa wanazuoni wa Misri. Yote katika jahazi moja. Hawakuwa na njia ya biashara na njia nyingine ya elimu. Lililochukua pilipili lilichukua na fatwa.

Mashuhuri kuliko wote walioandikiwa masuala hayo ni Musa bin Maymun, mzaliwa wa Kurtuba, aliyefariki Misri mwaka 1204, na vitabu vya historia ya Waislamu vyamjua. Ndugu yake Daud ndiye aliyekuwa akifanya biashara ili Musa apate nafasi ya kusoma. Daud akazama katika Bahari ya Hindi pamoja na mali yake na mali za watu, na Musa akalazimika kushika utabibu ili ale, mpaka akawa tabibu wa waziri wa Sultani Salahuddin. Mwaka 1172 alipata barua ya Mayahudi wa Yemen. Mtawala wa huko alikuwa akiwalazimisha kusilimu, jambo ambalo Sharia yetu imelikataza waziwazi, na juu ya hayo alizuka miongoni mwao mtu aliyejidai kuwa ndiye Masihi wanayemngoja. Akawajibu kwa waraka mrefu wa Kiarabu, akataka nakala zake zipelekwe kila mahali walipo watu wao. Watu wa vijiji vya milimani, ambao hawakuiona Misri wala hawataiona, wakajua kuwa yuko ajuaye wamo katika shida gani.

Waraka huo tumesema ni wa Kiarabu. Sasa tazama jambo la ajabu: Mayahudi hawa waliandika Kiarabu kwa herufi za Kiibrania. Wenzao wa Uajemi waliandika Kifarsi kwa herufi hizo hizo, waliotoka Hispania wakaandika Kispania chao, na wa Ulaya ya kaskazini wakaandika lugha yao ya Yidish, ambayo asili yake ni Kijerumani. Lugha ya nchi waliichukua wakaisema majumbani na sokoni, lakini mtoto aliyefunzwa kusoma sala aliweza papo hapo kuandika barua, na aliyeandika barua hakuwa mgeni wa kitabu cha sala.

Hili sisi wa pwani tulikuwa nalo. Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne na karne: tenzi, hati za mashamba, barua za mabibi zetu kwa watoto wao waliosafiri. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alipotaka kuwaamsha Waislamu alitoa mjini Mombasa gazeti la Al-Islah, mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu. Leo mtoto wa Tiwi asoma chuoni miaka minne, akhitimu Kur'ani, apambwe, apikiwe pilau. Na ukimwambia aandike neno "maji" kwa herufi alizokhitimia, hawezi. Herufi amezijua kwa jambo moja tu. Akitoka chuoni na asiposhika msahafu mwaka mmoja, zimekwenda. Twaona hii ni khasara kubwa iliyotupata bila ya mtu kutunyang'anya kitu.

Lakini barua haimfai asiyejua kusoma, na hapa ndipo kilipo kiini cha jibu letu. Mayahudi wasimulia kwamba zamani zao mtoto mwenye baba alisomeshwa na babake, na yatima akabaki hivi hivi. Basi kuhani mkuu wao, Yoshua bin Gamla, aliyekuwako katika miaka ya mwisho kabla ya kubomolewa nyumba yao, akaamrisha wawekwe walimu wa watoto katika kila mji, na mtoto aingizwe kwa mwalimu akiwa na umri wa miaka 6 au 7. Musa bin Maymun, alipoipanga sharia yao katika kitabu chake kikubwa, ameyaandika mambo ya mwalimu kama tunavyoandika sisi nguzo za swala. Mwalimu mmoja husomesha watoto 25. Wakizidi mpaka 40, apewe msaidizi. Wakipita 40, wawekwe walimu wawili. Na mji usiokuwa na mwalimu wa watoto, watu wake watengwe mpaka wamweke.

Msomaji arudie maneno hayo. Mji utengwe! Hakusema wenye watoto walaumiwe. Amewatia hatiani tajiri asiye na mtoto, mzee ambaye watoto wake wamekwisha oa, na mpita njia aliyekaa akawa mwenyeji. Mwalimu wa watoto kwao ni deni la mji mzima, kama kisima.

Nasi je? Twazijua madrasa katika jimbo letu hili ambazo ustadhi mmoja ana watoto 100 na kitu, wa juzuu Amma na wa Suratul-Bakara katika jamvi moja, na msaidizi wake ni bakora. Ujira wake ni ile ya Alhamisi, na Alhamisi nyingine watoto nusu huja mikono mitupu kwa kuwa mama hakuuza samaki. Ustadhi huyo ana mke na wana. Siku moja asikia hoteli fulani yataka askari wa zamu ya usiku. Au nduguye amwazima bodaboda. Aenda. Nani atamlaumu? Chuo chafungwa "kwa muda", na huo muda twaujua urefu wake. Wakati huo huo msikiti ule ule watiwa marumaru, na feni mpya, na kipaza sauti kinachosikika ng'ambo ya mto. Mwenye kutoa marumaru Mungu amlipe kheri. Lakini marumaru haifundishi mtoto kutamka dhadi.

Jambo jingine lililowaunganisha Mayahudi ni kwamba mwalimu huyu, popote alipo, hafundishi apendalo. Taurati wameigawanya mafungu 54, na kila wiki lina fungu lake, mpaka mwaka uishe. Jumamosi ukiingia katika sinagogi la Nairobi, au la Johannesburg, au la New York, wasoma fungu lile lile, isipokuwa siku chache za sikukuu ambapo nchi na nchi hukhitilafiana kidogo. Na siku wanapolikhitimisha fungu la mwisho, papo hapo, katika kikao hicho hicho, huanza la kwanza, ili asipatikane wa kusema kuwa masomo yamekwisha. Msafiri hakosi pahali pa kuingilia. Sisi tumeruzukiwa Kitabu kilichogawanywa juzuu 30, na katika Ramadhani twaonja utamu wa watu wote kuwa katika juzuu moja. Ikiingia Shawali kila mtu ashika njia yake.

Baadhi ya vijana watauliza kama watu hawa wako kwetu Afrika Mashariki ili wawaone kwa macho. Wako. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Kiingereza, Joseph Chamberlain, aliwatolea Mazayuni ardhi ya Uasin Gishu ili wafanye makao yao. Nchi ya watu yatolewa na asiye mwenyewe kama sahani ya biriani, na miaka 14 baadaye Waingereza wakaifanya Palestina mfano wa hayo. Mazayuni walituma watu kuja kuitazama, na katika mkutano wao wa mwaka 1905 wakaikataa. Lakini Mayahudi kidogo walikwisha fika Nairobi kwa biashara na ukulima. Sinagogi lao la kwanza lilifunguliwa mwaka 1913, na lililopo sasa ni la mwaka 1955, mwaka ambao mmoja wao, Israel Somen, alikuwa meya wa mji ule. Walikuwa na mali na majina. Hata hivyo idadi yao haikukua. Wana wengi walipelekwa ng'ambo kusoma, na wengi katika waliokwenda hawakurudi. Kwa hiyo mali peke yake siyo jibu, na tusipoteze wakati hapo.

Jibu liko Mbale, Uganda. Vijana wa kwetu waliosoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha huko, kilichofunguliwa mwaka 1988, waujua mji huo. Kilima cha Nabugoye hakiko mbali nao, na juu yake wakaa Waafrika, wakulima wa kahawa na ndizi, wanaojiita Abayudaya, yaani Mayahudi.

Mwanzo wao ni mtu mmoja. Semei Kakungulu alikuwa Muganda, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki, na Mbale ni mji alioujenga yeye. Waingereza hawakumpa cheo alichokitumai. Alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, akajua kusoma Biblia, na aliyejua kusoma haachi kuuliza. Akaiacha kanisa akafuata kundi la Wamalaki, kisha mwaka 1919 akajitahiri, yeye na wanawe. Wenzake walipomwambia kuwa kutahiri ni mambo ya Mayahudi, akasema basi yeye ni Myahudi. Hakuwa na mwalimu hata mmoja. Alikuwa na kitabu. Mwaka wa pili yake akapita Myahudi mgeni jina lake Yosef, akakaa nao miezi michache tu, akawafunza kalenda, na sikukuu, na kuchinja, na herufi za Kiibrania, akaenda zake. Kakungulu akawaandikia watu wake kitabu cha sala na hukumu, akawapa mahali pa kusoma. Akafa mwaka 1928.

Baada yake yakawapata yale yawapatayo watu wote wanaomtegemea mtu mmoja. Wakagawanyika, wengine wakarudi Ukristo, wengine wakasilimu. Kisha ukaja utawala wa Idi Amin, mwaka 1971, naye akaipiga marufuku dini yao na masinagogi yakafungwa. Walikuwa kama 3,000. Ulipoondoka utawala ule mwaka 1979 walibaki, kwa kadiri wasimuliavyo wenyewe, kama 300. Katika waliotoka wako walioingia Uislamu kwa khofu. Uislamu wa khofu hatujivunii. Imani haipandwi kwa bunduki, na anayehesabu watu wa namna hiyo kuwa ni faida ya dini yetu hajaijua dini yetu.

Hao 300 ndio tunaotaka msomaji awatazame. Sinagogi limefungwa, kitabu kimefichwa, mgeni haji, barua haiji. Walichofanya ni kusoma na kuswali majumbani, kwa siri, na wazee wakawapa watoto walichokuwa nacho kichwani: nyimbo za sala, siku ya Sabato, na hukumu za kuchinja. Na tazama lililofuata. Waliosimama kuirudisha jamaa yao katika miaka ya thamanini walikuwa vijana. Walirudi juu ya Nabugoye wakalima pamoja, wakaifungua nyumba ya ibada, wakaandika barua nje. Mmoja wao, Gershom Sizomu, ambaye babu yake alikuwa katika wazee walioishika dini ile, alikwenda Marekani kusoma mpaka akapewa daraja ya urabi mwaka 2008, na akarudi. Hilo la kurudi ndilo la kutiliwa mkazo, maana twawajua wetu waliokwenda Madina na Khartoum na Azhar, Mungu awabariki, na twajua ni wangapi wanaosomesha leo Kinango au Lungalunga. Sizomu alifungua chuo cha kusomesha wengine, na mwaka 2016 watu wa jimbo lake, ambao wengi wao si Mayahudi, wakamchagua kwenda Bunge. Leo Abayudaya wahesabiwa kuwa kama 2,000.

Wala msidhani kuwa ulimwengu wa Mayahudi uliwapokea wote kwa mikono miwili. Kwa sharia yao Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeingia kwa hukumu ya baraza la wanazuoni wao. (Mdigo haoni ajabu katika hili la mama, wazee wetu walihesabu ukoo kukeni, na maulamaa walikuwa na kazi kubwa kuwatoa katika urithi wa mjomba na mpwa mpaka kwenye mafungu ya Suratun-Nisaa.) Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israil waliwafanyia Abayudaya mamia baraza hilo. Hata hivyo mwaka 2018 serikali ya Israil ilikataa kumtambua mmoja wao aliyetaka kukaa huko. Hakuna dola iliyowashika mkono, basi, tangu Kakungulu mpaka leo. Ile ya Amin iliwafunga, na ile ya Israil iliwafungia mlango. Na bado Jumamosi wasoma fungu la wiki.

Aidha yafaa tutaje kuwa kilimo chao cha kahawa walikifanyia ushirika mwaka 2004 pamoja na jirani zao Waislamu na Wakristo, na Waislamu wa huko hawakupungukiwa na dini kwa kuuza kahawa katika gunia moja na wao.

Sasa turudi nyumbani, kwa kupitia hesabu ya fikihi. Kwa Mayahudi swala ya jamaa haitimii ila wapatikane wanaume 10 waliobaleghe. Wakiwa 9, zile sala za jamaa haziswaliwi. Na walioshika sharia yao hawapandi chombo siku ya Sabato. Kwa hiyo mtu hawezi kukaa mbali na sinagogi, sharti akae mahali awezapo kufika kwa miguu. Hukumu mbili hizi zimefanya kazi ambayo hotuba elfu hazikuifanya: zimewafanya wakae pamoja. Wanapohamia mji mgeni, mtaa hujikusanya wenyewe pembeni mwa sinagogi, na mwalimu, na mchinjaji.

Sisi Mashafii Ijumaa yetu yataka watu 40. (Hapa si pahali pa kuufufua ule ubishi wa kuswali Adhuhuri baada ya Ijumaa, uliowanyima wazee wetu usingizi.) Tunalotaka msomaji alione ni sifa ya hao 40. Imamu Nawawi na wenzake hawakusema watu 40 basi. Wamesema wakaazi, waliopafanya mahali pale watani wao, wasiohama kiangazi wala masika ila kwa haja. Mgeni wa hoteli hahesabiwi katika 40. Wala mfanyakazi aliyepanga chumba Ukunda kwa msimu wa watalii, ambaye msimu ukiisha arudi kwao.

Enyi ndugu zetu wa Diani, hebu jihesabuni. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 watu wengi wa kusini walikosa hati za mashamba ya babu zao, na hilo lina wakosaji wake ambao wengi wamekwisha kufa. Lakini yako mashamba ambayo hati zake tunazo, na twayauza wenyewe. Baba afa, ndugu wanane warithi shamba moja, mmoja ana shida ya karo au ya mahari, auza fungu lake kwa mtu wa mbali. Wa pili aona ukuta wajengwa, naye auza. Mwishowe ndugu wote wamehamia ndani, mbali na pwani, kila mmoja kijiji chake, na pesa zimekwisha. Msikiti wa Kongo pale Diani, kwenye mlango wa mto Mwachema, umesimama karne nyingi chini ya mibuyu yake, na kuta za matumbawe hazina mbio. Wanaoweza kuondoka ni watu. Na mwalimu wa watoto huenda waliko watoto, kisha asipokuta mtaa wa kumweka, huenda iliko hoteli.

Kwa hiyo yako mambo mawili katika fikihi yetu wenyewe ambayo tumeyaacha vitabuni.

La kwanza ni shuf'a. Ikiwa ardhi ni ya shirika na haijagawanywa, na mshirika mmoja akauza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika mwenzake ana haki ya kulichukua fungu lile kwa thamani ile ile iliyouzwa, akilidai bila ya kuchelewa. Mahanafi wamempa haki hiyo hata jirani. Kwa Mashafii ni ya mshirika tu, na yatosha, maana mashamba yetu ya urithi karibu yote ni ya shirika. Ni kweli kuwa Kadhi wa Kenya leo hana uwezo juu ya mauzo ya ardhi; katiba imempa ndoa, talaka, urithi na hali za watu. Lakini hakuna sheria ya nchi inayowakataza ndugu wanane kuandikiana, siku ile ile ya kugawa urithi, kwamba mwenye kutaka kuuza awape wenzake kwanza na awape muda wa kutafuta pesa.

La pili ni wakfu, na hapa twasema khasa wakfu wa mwalimu. Mababu zetu waliweka wakfu minazi kwa mafuta ya taa ya msikiti. Leo taa ni ya stima. Minazi ile ile, au chumba kimoja cha kupangisha Ukunda, iwekwe wakfu kwa ujira wa anayesomesha watoto wa mtaa fulani, ipewe msimamizi anayejulikana, na iandikishwe kwa Tume ya Wakfu Mombasa ili wajukuu wasije wakaiuza. Nyumba ya mwalimu ijengwe karibu na msikiti, iwe ni ya mwalimu awaye yote na isiwe ya mtu, ili akifa mmoja au akienda zake, anayekuja akute mlango.

Darasa yetu imekubaliana mambo haya. Kuanzia wiki ijayo, Inshallah, siku ya Jumatatu tutasoma Kitabu cha Shuf'a katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kisha Kitabu cha Wakfu. Mwenye hati ya shamba la urithi ambalo halijagawanywa na aje nayo, na akina mama wenye mafungu wana haki ya kuuliza kama wanaume. Siku ya Jumatano, baada ya Alasiri, watoto waliokhitimu watafunzwa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nao wataanza kwa kuandika barua kwa watoto wa chuo cha Vanga, ambao wameahidi kujibu. Wanaojitolea kusomesha mpaka sasa ni wawili, na watoto walioandikishwa ni 61. Kwa hesabu ya Musa bin Maymun twahitaji mmoja zaidi.